Biblia Iliyovimba: Kusoma Umbo la Kazi ya Robert Bowyer

Robert Bowyer hakuiandika Biblia yake, hakuitafsiri, wala si yeye aliyeipiga chapa. Alinunua Biblia iliyokwisha kuchapwa, tena iliyokwisha kujaa picha, akaanza kuipachika picha nyingine. Juzuu 7 zikawa 45. Picha za chapa alizozikusanya na kuziingiza ndani yake zilipita 6,000. Leo kazi hiyo iko Bolton, kaskazini mwa Uingereza, ndani ya kabati lake la mwaloni, na watu wanaopita mbele yake huanza na swali la uzito na idadi: ni kubwa kiasi gani, ilichukua muda gani, iligharimu nini.

Maswali hayo ni halali, lakini hayamsaidii msomaji. Kitabu ni umbo, na umbo lina kazi. Ukichukua masimulizi ambayo watu wanayajua kwa moyo ukayakatiza kila baada ya aya chache kwa picha tano, kumi au zaidi za tukio lilelile, umeyafanyia nini? Nadhani Bowyer alitunga fasiri ya Biblia bila kuongeza neno hata moja, na chombo chake kikuu kilikuwa kile tunachokijua vizuri katika ushairi wetu, yaani takriri. Ila takriri yake inatenda kinyume cha tulivyozoea. Kibwagizo kikirudi katika shairi, hoja hukazwa. Picha ikirudi mbele ya aya ileile kwa mkono wa msanii mwingine, hoja hulegea.

Kwanza tumjue fundi. Bowyer alizaliwa mwaka 1758, akajipatia jina London kwa kuchora picha ndogo za uso, zile zinazotosha kukaa kiganjani au kuvaliwa shingoni kama kidani. Alifika hadi kuichorea familia ya Mfalme George wa Tatu. Mtu aliyezoea kuchora nyusi kwa brashi ya unywele mmoja ndiye aliyekuja kujenga kitabu kisichobebeka. Katikati ya safari hiyo alikuwa mchapishaji: alifungua nyumba ya picha mtaa wa Pall Mall, akawaagiza wasanii wachore matukio ya historia ya Uingereza ili yachongwe kwenye shaba na kuambatana na toleo kubwa la historia ya David Hume. Vita na Ufaransa viliua soko la chapa Ulaya, na mradi ukamletea hasara kubwa kiasi kwamba ilibidi mali yake iuzwe kwa bahati nasibu. Mwaka 1809 alichapisha kitabu cha mashairi ya kusherehekea kupigwa marufuku kwa biashara ya watumwa. Alikuwa Mbaptisti aliyepanda mimbari kuhubiri ingawa kazi yake ilikuwa nyingine. Alifariki mwaka 1834. Mhubiri, mfanyabiashara na mchora sura: wote watatu tutawakuta ndani ya Biblia hii, na hawakubaliani kila wakati.

Biblia aliyoichagua iwe msingi ni ya Thomas Macklin, mchapishaji mwenzake wa London. Ilikamilika mwaka 1800 katika juzuu 6, na Apokrifa ikafuata mwaka 1816. Macklin naye alikuwa mtu wa kiburi cha kazi. Aliagiza herufi mpya kubwa zimiminwe kwa ajili yake, akampa Thomas Bensley, mmoja wa wapiga chapa hodari wa enzi yake, uchapaji, na akawalipa Reynolds, Fuseli, Loutherbourg na wengine wachore. Alifariki Oktoba 1800, siku chache tu baada ya bamba kubwa la mwisho kutiwa tarehe. Kwa hiyo Bowyer hakuanza na kitabu kitupu kinachoomba pambo. Alianza na karamu iliyokwisha kuandaliwa, na bado akaona sahani hazitoshi.

Desturi yenyewe ilikuwa na jina lake mjini. Mwaka 1769 padri James Granger wa Shiplake alitoa kitabu cha wasifu wa Waingereza mashuhuri, kilichopangwa kufuata picha za sura zao zilizowahi kuchapwa. Kitabu chenyewe hakikuwa na picha hizo. Wasomaji matajiri wakaanza kuzisaka, kuzinunua na kuzishona ndani ya nakala zao, na mchezo huo ukaitwa kwa jina la Granger. Ulikuwa mchezo wenye damu mkononi. Ili nakala yako inone, kitabu cha mtu mwingine lazima kikonde, kwa kuwa picha zilichomolewa kwenye vitabu vya zamani vilivyobaki vimetobolewa. Wapenda vitabu wamewalaani watu hawa kwa karne mbili, na sina haja ya kuwatetea.

Sasa mkono wenyewe. Picha ndogo haiwezi kushonwa hivihivi ndani ya kitabu kikubwa, maana itaning'inia na kukunjika. Fundi huchukua karatasi nene yenye ukubwa wa ukurasa, akakata katikati yake dirisha lililo dogo kuliko picha kwa upana mwembamba sana. Kisha hukwangua kingo za dirisha na kingo za picha kwa kisu hadi zibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu, akapaka gundi kwenye ule ukingo peke yake, akalaza picha na kuigandamiza. Ikifanywa vizuri, kidole kikipita juu hakihisi kitu. Picha inaonekana kama ilizaliwa pale. Pande zote mbili zinabaki wazi, na kama nyuma ya picha kuna maandishi ya kitabu ilikotoka, unaweza kuyasoma.

Ufundi huu una maana yake katika usomaji. Dirisha linasawazisha. Picha ya ukubwa wa kiganja kutoka kitabu cha sala cha karne ya 16 na bamba pana la karne ya 18 zote zinasimama katika ukubwa mmoja wa karatasi, moja ikiwa na pambizo pana kama uwanja na nyingine ikiwa na pambizo ya kidole. Mikono ya nyakati tofauti, madhehebu tofauti na nchi zilizopigana vita inapewa ruhusa sawa ya kusema. Mkatoliki wa Antwerp na Mprotestanti wa Amsterdam wanakaa jalada moja, wakieleza aya moja. Mhubiri wa Kibaptisti asingewaalika wote wawili mimbarini. Mkusanyaji amewaalika.

Tuchukue mahali pamoja tupaangalie kwa karibu: Mwanzo sura ya 22, Ibrahimu akimpeleka Isaka mlimani. Ni moja ya matukio yaliyochongwa sana katika historia ya chapa za Ulaya, na mkusanyaji wa aina hii alikuwa na wingi wa kuchagua. Maandishi yenyewe ni makavu ya kutisha. Baba anatandika punda, anapasua kuni, anawaacha watumishi chini, anapanda na mwana. Hatuambiwi anawaza nini. Anajenga madhabahu, anamfunga mtoto, anamlaza juu ya kuni, ananyosha mkono kuchukua kisu. Hapo malaika anamwita kutoka mbinguni. Anaita tu. Hashuki, hamgusi.

Tazama sasa chapa ya Rembrandt ya mwaka 1655. Malaika ameshuka. Yuko nyuma ya mzee, mbawa zimetanda, mikono yote miwili imemkumbatia na kumshika. Sauti imegeuka kuwa kiwiliwili. Isaka hayuko juu ya madhabahu wala hakufungwa kamba. Amepiga magoti na kuinamia pajani mwa baba yake, na baba amemfunika macho kwa kiganja. Hakuna aya inayotaja kiganja hicho. Ni mstari ambao Rembrandt ameuongeza kwenye Mwanzo, na mtu akishauona hawezi tena kusoma sura ile bila kuuhisi. Kisu kimo mkono wa kushoto. Hili la mwisho linaweza kuwa jambo la ufundi tu: mchoraji anakwaruza bamba la shaba, karatasi inalazwa juu yake, na kila kilichokuwa kulia kinatokea kushoto. Lakini msomaji wa kitabu hasomi bamba, anasoma karatasi, na juu ya karatasi kuna mzee anayekaribia kuchinja kwa mkono usio wa kawaida huku mkono wa kulia, ule wa baraka, ukimziba mtoto macho.

Peke yake, picha hii ni fasiri yenye nguvu. Sasa iweke ndani ya umbo la Bowyer. Tuseme kabla yake kuna picha ambamo malaika amekamata upanga mrefu, si kisu. Baada yake kuna nyingine ambamo Isaka ni kijana mwenye misuli, karibu mtu mzima, na swali linazuka kwamba huyu angeweza kukataa. Inayofuata inamwonyesha mtoto wa miaka sita, na swali linakufa. Katika moja, kondoo amenaswa kichakani mbele kabisa, kwa hiyo unajua mwisho kabla ya kitendo. Katika nyingine amefichwa kivulini na lazima umtafute. Maandishi ya Mwanzo yanatoa umri wa Ibrahimu kwa tarakimu, wa Isaka mlimani hayautoi. Kila mchongaji amelazimika kujibu mahali maandishi yaliponyamaza, maana huwezi kuchora mtu asiye na umri. Ukifika picha ya sita umeelewa jambo ambalo picha moja isingekufundisha kamwe: kwamba ile ya kwanza, iliyoonekana kama ushahidi, ilikuwa uamuzi wa mtu.

Ndiyo maana nasema takriri hii inalegeza. Biblia yenye picha moja kwa kila tukio ni dikteta mpole. Inakupa uso wa Musa, na huo ndio uso wa Musa hadi unazeeka. Wengi wetu tulikulia na Union Version ya mwaka 1952, kurasa zilizojaa herufi ndogo, bila picha ya kutuelekeza, na kila mmoja akajichorea Goliathi wake kichwani. Kati ya ukavu ule na wingi wa Bowyer kuna undugu kuliko inavyodhaniwa, maana kote kuwili hakuna sura moja inayoruhusiwa kutawala. Aliye mbali na wote wawili ni yule wa kalenda ya ukutani, mwenye Yesu mmoja wa nywele za dhahabu kwa kila mwaka na kila sebule.

Ufunuo sura ya 6 unaonyesha upande mwingine wa umbo hili, yaani mwendo. Muhuri wa kwanza unafunguliwa, anatoka mpanda farasi mweupe mwenye upinde. Wa pili, mwekundu, mwenye upanga. Wa tatu, mweusi, mwenye mizani. Wa nne ni wa rangi ya kijivu, na jina lake Mauti. Ni mpangilio wa mlango unaofunguka mara nne. Albrecht Dürer, mwaka 1498, aliukataa mpangilio huo. Katika mchongo wake wa mbao wote wanne wanatoka kwa pamoja, shingo kwa shingo, wakikimbia kuelekea kulia na kuwakanyaga watu. Mwenye upinde yuko mbele, juu kulia. Anafuata mwenye upanga, kisha mwenye mizani aliyejaa katikati ya ukurasa, na chini kushoto kabisa Mauti kama mzee aliyekonda juu ya farasi aliyekonda, na kando yake kinywa cha kuzimu kinammeza mkubwa mmoja.

Jicho la Mjerumani wa enzi ya Dürer, lililozoea kusoma kutoka kushoto, linakutana na Mauti kwanza na kumaliza kwa upinde. Linaisoma sura kinyumenyume. Mzee wetu wa Lamu aliyeandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu angeanzia kulia, na wapanda farasi wangempitia kwa utaratibu wa Yohana mwenyewe: upinde, upanga, mizani, Mauti. Na wako waigaji wa chapa waliochonga upya kazi za watu kwa kuzifuata kama zilivyo, wakapata nakala zilizogeuka, kushoto kulia na kulia kushoto. Katika nakala ya namna hiyo, bila mwigaji kukusudia, Mzungu naye anapata utaratibu sahihi wa mihuri, ila kila silaha imehama mkono. Mkusanyaji anayeweka asili na mwigo wake kurasa mbili mfululizo anamlazimisha msomaji aone tukio likipigwa kwenye kioo. Wengine wataita hiyo ni kurudia bure. Nadhani ni mojawapo ya mahali ambapo umbo hili lina akili kuliko mwenye nalo.

Katika Biblia ya Macklin yenyewe sura hiyo ilimwangukia Philippe Jacques de Loutherbourg, ambaye mchoro wake wa mwaka 1798 unaonyesha wapanda farasi wawili wa kwanza tu, wakitokeza katika mlipuko wa nuru na wingu. Loutherbourg alikuwa mtu wa jukwaa. Alizaliwa Strasbourg, akaja London akawatengenezea mandhari watu wa tamthilia wa Drury Lane, na mwaka 1781 akafungua onyesho lake la vioo, taa na sauti ambamo mawio, dhoruba na meli zinazozama vilionekana vikitembea. Anajua kwamba mtazamaji hutishwa na kinachokuja kuliko kilichofika. Dürer anakupa wote wanne na kukuacha umelala chini ya kwato. Loutherbourg anakupa wawili, na wawili waliobaki unawasikia nyuma ya pazia. Ukiwa na picha hizo mbili mkononi kwa wakati mmoja, unaona kwamba moja inasimulia na nyingine inatayarisha. Kwa maoni yangu Dürer anashinda, lakini anashinda kwa kuyapuuza maandishi, na Loutherbourg anashindwa akiwa karibu nayo zaidi.

Loutherbourg ana kazi nyingine ndani ya kitabu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Macklin alimwagiza achore picha ndogo za kuweka kichwani na mkiani mwa vitabu vya Biblia: pambo juu ya mwanzo wa kitabu, pambo chini ya mwisho wake. Bowyer alipata michoro yenyewe ya mkono, zaidi ya mia moja, akaiingiza katika nakala yake. Kwa umbo hii ndiyo mifupa ya kazi nzima. Katikati ya mafuriko ya chapa za watu wasiojuana, unarudi kila mara kwenye mkono mmoja, unaofungua na kufunga. Hiki sasa ndicho kibwagizo halisi, kile kinachokaza. Bila picha hizo ndogo juzuu 45 zingekuwa ghala tu. Pamoja nazo, msomaji anajua yuko wapi, kama mcheza ngoma anayeisikia ngoma kubwa chini ya kelele zote.

Lakini mhakiki asilewe. Umbo hili lina kasoro iliyo kubwa kama fahari yake, nayo ni kwamba mkusanyaji hachagui peke yake. Soko limekwisha kumchagulia. Anaweza tu kuweka kilichowahi kuchongwa, na wachongaji walichonga kilichouzika. Hivyo kitabu kinavimba pale macho ya Ulaya yalipokuwa na njaa, na kinabaki chembamba pale yaliposhiba mapema. Uumbaji, anguko la Adamu, gharika, mateso ya Yesu, siku ya mwisho: hapo karatasi ni nene. Sheria za Walawi, orodha za majina katika Mambo ya Nyakati, hesabu ya makabila jangwani: mchongaji afanye nini na orodha? Picha kwa wingi wake zinakugawia muda wa kusoma, na muda huo haufuati uzito wa mafundisho. Unafuata duka.

Mfano ulio wazi zaidi unaaibisha kidogo. Katika Samweli wa Pili sura ya 11, Daudi anatembea juu ya dari ya jumba lake jioni, anaona mwanamke akioga. Maandishi yanamaliza jambo hilo kwa nusu aya na kukimbilia kwenye dhambi yenyewe: wito, mimba, hila, mauaji ya Uria. Nusu aya ile ndiyo iliyowapa kazi wachoraji wa karne tatu, na sababu haihitaji msomi kuieleza. Angalia hasa mahali wanapomsimamisha mtazamaji. Daudi amewekwa mbali, mdogo kama kidole, juu ya roshani nyuma kabisa. Bathsheba yuko mbele, mkubwa, miguu majini. Kwa hiyo wewe uliyefungua Biblia uko karibu naye kuliko mfalme. Maandishi yanamhukumu aliyetazama kutoka mbali, na picha inakukaribisha utazame kutoka hatua mbili. Susana katika Apokrifa anapata hali hiyohiyo, na hapo ni mbaya zaidi, kwa sababu kisa chake chote kinahusu wazee wenye macho yasiyo na adabu. Mke wa Potifa na binti za Lutu wako foleni.

Bowyer mhubiri angekuwa na neno la kusema juu ya hayo. Bowyer mkusanyaji hakuwa na njia rahisi ya kulisema, kwa kuwa umbo lenyewe linadai ukamilifu, na ukamilifu hauchuji. Mtu anayekusanya kila picha ya Biblia iliyo nzuri anakusanya pia historia ya visingizio ambavyo Biblia ilitumiwa kuwa. Naona hilo ni hasara kwa kitabu cha ibada na faida kwa msomaji wa leo, ambaye anapata ndani ya jalada moja ushahidi wa kile watu walichotaka kukiona walipodai wanasoma Maandiko.

Ili kuona Bowyer alifika wapi na hakufika wapi, mweke kando ya mtu aliyemzidi. James Gibbs, mtia majalada na muuza chapa wa London wa kizazi kilichofuata, alifanya kazi kama hiyo juu ya Biblia ya John Kitto, akaifikisha juzuu 60 na picha zaidi ya 30,000. Sasa iko maktaba ya Huntington huko San Marino, California. Fanya hesabu ndogo. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Bowyer, kwa wastani, ana picha kama 5 kwa sura. Gibbs ana 25.

Tofauti si ya kiasi tu, na sababu iko kwenye msingi. Kitto alikuwa mtoto wa fundi mwashi wa Plymouth. Mwaka 1817, akiwa na miaka 12, alianguka kutoka juu akiwa anamsaidia baba yake kazini, na tangu siku hiyo hakusikia tena kitu. Alijisomesha, akasafiri na wamisionari hadi Baghdad, akaishi huko tauni ilipoupiga mji mwaka 1831. Aliporudi, mchapishaji Charles Knight alimpa kazi ya kuandaa Biblia ya bei nafuu yenye picha na maelezo, iliyotoka kati ya 1835 na 1838. Ni Biblia ya mtu aliyeipokea dunia kwa macho. Picha zake ndogo za mbao zinauliza maswali ya mtu aliyefika: hema linasimamishwaje, kinu cha mkono kina umbo gani, mti huu ni upi. Macklin anauliza mabwana wakubwa walilionaje tukio. Kitto anauliza chombo kilikuwaje.

Gibbs alipokichukua kitabu hicho cha watu wa kawaida na kukikuza, ilimbidi afanye jambo ambalo Bowyer, mwenye kurasa kubwa za Macklin, hakulihitaji. Kurasa za maandishi zilikuwa ndogo mno kwa ukubwa mpya, kwa hiyo nazo zikakatiwa dirisha na kulazwa ndani ya karatasi pana. Neno lenyewe likawa picha miongoni mwa picha. Kwa mhakiki wa umbo hapo ndipo mpaka ulipovukwa. Kwa Bowyer, picha ni mgeni katika nyumba ya maandishi, hata kama wageni ni wengi na wamekalia viti vyote. Kwa Gibbs, wote ni wapangaji, na aya ya Biblia inafanya kazi ya namba ya chumba: inakuambia picha hizi 25 zimewekwa hapa kwa sababu gani, kisha inakaa kimya. Ni kumbukumbu kubwa, ya thamani isiyopimika kwa mtafiti, lakini mwendo wa kusoma umekufa. Ukifungua Gibbs unatafuta. Ukifungua Bowyer bado unaweza, kwa taabu, kusoma.

Taabu yenyewe tusiifiche. Hakuna familia iliyowahi kukaa jioni na juzuu 45. Baada ya Bowyer kufariki, kitabu hiki kilikosa mnunuzi wa kulipa kilichodaiwa kuwa thamani yake, na katika miaka ya 1840 kikatolewa kuwa zawadi ya bahati nasibu kwa tiketi za gini moja moja, yaani kwa mchezo uleule uliowahi kuitawanya mali ya mwenyewe. Kilimwangukia mkulima wa Somerset, kisha kikafika Bolton kwa watu waliokuwa na nafasi ya kukiweka. Biblia iliyotengenezwa na mhubiri ikawa kitu cha kushindaniwa kwa gini. Wabaptisti wenzake walisemaje kuhusu kamari hiyo ni habari ambayo ningependa kuisoma.

Hata hivyo ukiniuliza kati ya kazi hizi mbili ni ipi iliyo kitabu, nitamchagua Bowyer, na sitamchagua kwa sababu ya Dürer au Rembrandt au mtu yeyote mwenye jina. Nitamchagua kwa sababu ya ile michoro midogo ya Loutherbourg kichwani na mkiani. Mtu mwenye tamaa ya kukusanya tu angeiweka kwenye juzuu yake ya pekee, mia na zaidi pamoja, ionekane na isifiwe. Bowyer aliitawanya, moja hapa na moja kule, kila moja mahali ilipokusudiwa, ambapo msomaji mvivu hataikuta.